Tukifika huko juu, tunachukua nini?

Mama yangu alisimama pale njia inapoanzia, kanga moja kiunoni nyingine mabegani, miguuni raba za mjukuu wake, akamsikiliza yule kijana wa kutuongoza mpaka akamaliza maelezo yote, kwamba kuna utelezi, kwamba kipande cha mwisho ni mlima kweli kweli, kwamba tusiachane achane. Halafu akauliza swali moja.

"Sasa mwanangu, tukifika huko juu tunachukua nini?"

Kijana akacheka. "Hamchukui kitu bibi. Mnaliona ziwa, mnapiga picha."

"Halafu?"

"Halafu mnashuka."

Mama akanigeukia mimi. Hakusema neno, ila ule uso naujua, ndio uso aliokuwa ananitolea enzi hizo nikirudi dukani na chenji pungufu.

Hapo ni Ngosi, lile ziwa la volkano kwenye milima ya Poroto, Jumamosi asubuhi, ukungu haujaondoka. Sitaeleza zaidi maana wa Mbeya wenzangu mnapajua, na hadithi za joka na mali za Wajerumani mmeshahadithiwa mpaka mmechoka. Ninachotaka kuandika ni ile "halafu?" ya mama. Wiki zimepita na bado ninayo. Nikiwa jikoni ninayo, nikiwa kwenye daladala ya Uyole ninayo.

## Watu wa Forest

Sisi tunakaa Forest Mpya. Wasiojua Mbeya watadhani tuna msitu nyuma ya nyumba, kumbe tuna ukuta wa jirani na kamba ya kuanikia nguo.

Safari ilikuwa ya baba watoto. Aliona picha za wenzake wa kazini kwenye status, wako kwenye kingo za Ngosi wameshika vijiti kama manabii, akasema na sisi twende, likizo imefika na watoto wanashinda kwenye simu. Binti mkubwa yuko form wani, huyo ukimwambia kutembea anauliza kama kuna mtandao. Mdogo wake yuko darasa la tatu na yeye alikuwa anamtaka joka tu, mengine hayamhusu.

Mama hakuwa kwenye mpango. Alikuja mjini kliniki ya presha, tukapanga abaki nyumbani na dada wa kazi, apumzike, aangalie tivii. Usiku anatusikia tunachemsha mayai na kufunga chapati, akauliza mnasafiri? Tukamwambia. Akasema mimi nimezaliwa chini ya Rungwe, leo mnanificha mlima?

Basi ikawa hivyo. Baba watoto akaninong'oneza kwamba atabaki kwenye gari.

Hakubaki kwenye gari.

## Msitu wa kutumwa

Nimefikiria sana kwa nini lile swali lilinikata maneno, na nadhani ni kwa sababu mimi mwenyewe nikiwa mdogo, kule kijijini kwa bibi yangu, sikuwahi kuona mtu mzima anaingia msituni mikono mitupu na kutoka mikono mitupu. Msituni ulitumwa. Ulitumwa kuni, ulitumwa majani ya ng'ombe, ulitumwa fito za kujengea banda, msimu wa uyoga ulitumwa uyoga. Wanaume walifuata mianzi na mbao, wengine walifuata asali, wengine walifuata nyama ingawa hilo halikusemwa kwa sauti. Wazee walifuata dawa. Ukimkuta mtu anazurura tu huko, hana panga, hana kikapu, hana ng'ombe aliyempotea, ulikuwa unapita mbali naye na jioni unasema nyumbani.

Sasa mimi nimeenda shule, nimekuja mjini, nimejifunza kwamba kuna kitu kinaitwa matembezi. Unalipa kiingilio, unapewa mtu wa kukuongoza, unapanda, unashuka, unaumwa miguu siku tatu. Na unafurahi! Mimi nilifurahi kiukweli, sitaki kujifanya. Ila kumweleza mama furaha hiyo kwa maneno anayoyaelewa, nilishindwa palepale na bado nashindwa.

Njia yenyewe mwanzoni inapita kwenye mashamba, viazi kama kawaida ya Isongole yote, halafu ghafla shamba linakatika na msitu unaanza. Hakuna katikati. Upande huu matuta, upande huu giza la kijani, migomba pori yenye majani mapana kuliko meza, mianzi, yale magugu marefu kama mitende midogo ambayo mwanangu alikazania kwamba ni ya enzi za dainosari. Baridi inabadilika. Hata sauti zinabadilika, wote tulianza kuongea chini chini bila mtu kutuambia.

Mama ndiye aliyekuwa mbele.

Hatukuamini. Anaenda polepole, lakini hasimami. Sisi tunakimbia hatua ishirini tunasimama tunahema, yeye yuleee, kanga inaonekana kwenye kona. Na anaongea njia nzima, huu unafaa mpini wa jembe, huu ukiuchoma unatoa moshi mpaka unalia, majani haya usiguse yanawasha. Binti yangu aliyekuwa anapiga picha za kila kitu akaanza kumfuata yeye badala ya kijana wetu, akawa anauliza na huu je bibi, na huu je.

Mimi nilipita pale nikaona kijani. Mama alipita pale akaona vitu.

## Majani

Ilitokea kabla ya kile kipande kibaya cha mwisho. Mdogo alikuwa na kikohozi tangu juzi yake, baridi ikakiamsha, akawa anakohoa kila baada ya hatua chache. Mama akasimama, akatazama huku na huku, akaingia pembeni ya njia, akarudi na majani kiganjani. Siyo mengi. Kiganja kimoja. Akaanza kuyafikicha ili ampe mtoto anuse.

Kijana wetu akasema, kwa adabu kabisa, "Bibi, samahani. Hapa hairuhusiwi kuchuma."

Mama akamtazama. Kijana ni wa umri wa mjukuu wake wa kwanza, na asubuhi alimwamkia vizuri, shikamoo yake ilikuwa ya kutoka moyoni. Nikaona kabisa na yeye hakufurahia kulisema.

Nilitegemea mama atajibu. Mnamjua mama yenu alivyo na mimi namjua wangu, huyu ni mtu aliyebishana na mgambo wa soko mpaka mgambo akanunua nyanya. Nikajiandaa kuingilia.

Hakubishana. Alifungua kiganja, majani yakaanguka, akajifuta kwenye kanga, akaendelea kupanda.

Hapo ndipo paliponiuma, na mwanzo sikujua kwa nini.

Mbele kidogo yule kijana, nadhani dhamira ilimsuta, akamsogelea akamuuliza taratibu, "Bibi, kwani yale majani ni ya nini?"

Mama bila kugeuka: "Si hayaruhusiwi? Basi huna haja ya kuyajua."

Baba watoto akacheka kwa sauti. Mimi sikucheka.

## Kijana hakukosea

Niliporudi nyumbani kesi yangu ya kwanza ilikuwa ya kumtetea mama. Nilikuwa naandika kichwani, yaani mtu aliyeishi na msitu maisha yake yote anakatazwa majani ya kikohozi, ila sisi tusiojua hata mti mmoja kwa jina tunakaribishwa na risiti. Anayeuhitaji msitu amefungiwa mlango, asiyeuhitaji ndiye anafunguliwa. Ilikuwa inakuja vizuri sana hiyo makala, ina hasira nzuri.

Tatizo ni kwamba kila nikiiendeleza inakwama kwenye maji.

Maana ile milima ya Poroto si pambo. Maji yanayoshuka upande wa kaskazini yanaingia bonde la Usangu, kutoka Usangu yanakuwa mto Ruaha Mkuu, Ruaha Mkuu ndio huohuo wa mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, kwa hiyo mtu wa Dar anayewasha taa hajui ila kuna ukungu wa kwetu kwenye hiyo taa. Upande wa pili mto Kiwira na wenzake wanashuka kwenda Ziwa Nyasa, wanapita kwenye ndizi na chai na mpunga wa Kyela. Miteremko ya kusini ya Rungwe kuna sehemu mvua inafika milimita 3,000 kwa mwaka, na mvua ya namna hiyo ikikuta mlima mtupu haiachi kitu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inasema msitu wa hifadhi hukati wala hubebi bila kibali, na ukiangalia jinsi shamba la viazi linavyoishia pale pale msitu unapoanzia, mstari kama umepigwa kwa rula, unajua kabisa bila hiyo sheria viazi vingekuwa vimefika kwenye maji ya ziwa.

Kiganja kimoja cha mama hakiui msitu. Lakini mama hayuko peke yake, na kijana hana mzani wa kupima viganja. Akimruhusu bibi mmoja kwa sababu ana adabu na mtoto anakohoa, kesho anamkatalia nani?

Na tena, mama mwenyewe ananisimulia miti waliyokuwa wanaichuna magamba ya dawa mpaka inakauka imesimama. Anasimulia kwa huzuni, lakini waliichuna wao.

Kwa hiyo makala ya hasira ikafa.

Ila kuumwa hakukuisha, na ndiyo maana nasema hii kitu imenisumbua. Kijana ana haki, sheria ina haki, na bado kiganja cha mama kinafunguka mbele ya macho yangu kila nikifumba.

## Yule nyani wa Rungwe

Kilichonisogeza kidogo ni kipunji.

Kipunji hayupo Ngosi, msije mkaenda mkanilaumu. Yupo jirani, Mlima Rungwe na misitu ya Livingstone kuelekea Kitulo, na wengine wachache kule Ndundulu, Udzungwa. Dunia ya sayansi ilimjua mwaka 2003, ikatangaza 2005, mwaka uliofuata wakakubaliana kwamba hafanani na wengine kiasi kwamba apewe jenasi yake peke yake, yaani ukoo wake mwenyewe kwenye vitabu vya sayansi, Rungwecebus, jambo ambalo kwa nyani na tumbili wa Afrika halikuwa limetokea tangu 1923. Yaani mnyama mkubwa tu, ana nywele zimesimama kichwani kama kanyoa kiduku, analia sauti ya ajabu, anaishi saa chache kutoka stendi ya Mbeya, na hakuna kitabu kilichomjua.

Ila hakugunduliwa na mtu aliyekuwa anapita kupiga picha.

Watafiti walianza kumsikia kwa watu wa Rungwe, wawindaji, watu wa kule kule msituni. Na mwanzo watafiti hawakuwa na uhakika kama ni mnyama wa kweli au wa hadithi, kwa sababu kwetu simulizi za wanyama wa kweli na wa mizimu zinakaa kikao kimoja. Wakaenda kutafuta, wakamwona.

Nikajiuliza, wale wawindaji walimjuaje? Walimjua kwa sababu walikuwa wanafuata kitu. Asubuhi na mapema, mvua ikinyesha, njaa nyumbani, macho yamefunguka. Mtu wa matembezi kama mimi ningepita chini ya kipunji mara elfu nikiangalia raba zangu zisichafuke.

Najua upande wa pili wa hiyo habari. Hao hao wawindaji walikuwa wanamla. Leo kipunji ni miongoni mwa nyani walio hatarini kutoweka Afrika, na Rungwe ikapandishwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009, na nashukuru. Sisemi turudishe mitego.

Ninachosema ni kwamba kulikuwa na watu wanaojua, na kujua kwao kulitokana na kutumwa. Tumekataza kutumwa, sawa. Sasa kule kujua tumekuweka wapi? Yule kijana wetu, amesomea, anajua urefu wa ziwa na mwaka wa hifadhi, alikuwa tayari kabisa kuuliza, na mama akamfungia. Kwa neno moja tu la asubuhi ile, kile ambacho mama alipokea kwa mama yake kiliishia hapo hapo kwenye utelezi. Kuna viganja vingapi vimefunguka hivyo kwenye hii milima yetu na hakuna aliyeuliza hata hilo swali la pili?

## Juu

Kipande cha mwisho sitakielezea, tulipanda kwa mikono. Baba watoto aliteleza na begi la chapati, chapati zilipona.

Halafu unafika ukingoni na miti inafunguka na lile ziwa lipo mbali huko chini, kijani ambayo siwezi kuiita kijani, limelala kwenye shimo la volkano, kama kilomita mbili na nusu kwa urefu, kuta za msitu pande zote. Hata mtoto wa joka alinyamaza.

Mama aliangalia muda mrefu.

"Maji yote haya," akasema, "yanaenda wapi?"

Kijana akasema hayaendi popote bibi, hakuna mto unaotoka. Nikaongezea habari ya volkano, kwamba hapa kwetu mabonde matatu ya ufa yanakutana, la Rukwa, la Usangu na la Nyasa, ndiyo maana milima yote hii, na kwamba chini humo bado kuna moto, serikali kupitia ile kampuni ya jotoardhi inafuatilia kama mvuke unaweza kuzalisha umeme.

Mama akanigeukia. "Kumbe na wao kuna kitu wanafuata."

Nikakosa la kusema.

Mdogo akataka kushuka majini. Baba watoto naye nikaona macho yanamng'aa, kijana akasema njia ipo ila ni mbaya sana na kumenyesha, wakaanza kujadiliana kiume pale, tukijishika hivi, tukipita huku. Mama akamaliza kikao: "Mkishuka, nani atawapandisha?" Wakakaa. Tukala mayai. Akakubali kupigwa picha kwa sharti zile raba zisionekane.

## Kwenye gari

Tunarudi, mvua imeshika, vioo vimeziba, mdogo kalala. Nasikia nyuma mama na binti mkubwa wananong'ona. Binti anauliza, bibi anajibu, binti anaandika kwenye simu. Jina la mmea kwa Kinyakyusa, unaota wapi, unachuma majani ya juu au ya chini, unachemsha au unafikicha, nani asipewe. Muda wote ule. Mtoto ambaye mimi nikimtuma chumvi jikoni anasahau njiani.

Nikawa na wivu kidogo. Mimi sijawahi kuuliza. Nilikuwa na miaka yote hiyo na mama yangu na nilikuwa nakimbilia panado.

Nilitaka kuandika jina hapa, nikamwomba ruhusa, akakataa. Akasema ukiweka huko mtandaoni mwezi ujao watakuja na viroba, watang'oa mpaka mizizi, halafu yule kijana wa watu ndiye atapata shida. Yule yule kijana. Kwa hiyo hayupo kinyume naye kama nilivyodhani, au yupo kinyume naye na yupo upande wake kwa wakati mmoja, sijui, mama ni mtu mzima ana nafasi ya kutosha kubeba yote mawili.

Alichoniambia nifanye ni kutafuta mche. Anataka kuupanda kwake, nyuma ya jiko, ili asimwombe mtu. Nimezunguka vitalu vya Uyole na njia ya Tukuyu. Parachichi za Hass ukitaka elfu moja unapata leo leo, misindano ipo, mikaratusi ipo, hata mauwa ya harusi yapo. Huo wake hakuna. Muuzaji mmoja aliniuliza, dada, huo unauzwa wapi? Nikamwambia hauuzwi. Akasema basi ndiyo maana sina.

Bado natafuta.

## Kitulo

Mwezi wa kwanza watoto wanataka Kitulo, maua yakiwa yamechanua. Nimemweleza mama kwamba kule kuna maua aina kwa aina, watu wanatoka Ulaya kuja kuyaangalia. Akasema anayajua. Anajua na viazi vyake chini, maana kuna ndugu zetu upande wa Makete walikuwa wanachimba wakati ule biashara ya kupeleka Zambia imechanganya, kule wanavipika chakula kinaitwa chikanda, wanakata vipande kama soseji. Moja ya sababu za kupatangaza kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 ilikuwa hiyo hiyo, maua yalikuwa yanaliwa yanaisha.

"Kwa hiyo kule pia hatuchukui kitu," akasema.

Hatuchukui mama.

Akauliza kama tutapata pa kuchemshia chai, maana kule baridi yake si ya mchezo. Baba watoto akasema tutabeba ule mtungi mdogo wa gesi. Mama gesi haiamini, anasema italipuka kwenye rafu za barabara. Anataka tubebe mkaa.

"Tutaununua hapa hapa sokoni," akasema, "kuna gunia zimejaa pale. Sijui wenzetu wanautoa msitu gani."

Baba watoto amesema tutabeba chupa za chai.